Pishi Mbili za Mtama

Tangu mdogo wangu wa mwisho atangaze kwenye ukurasa wetu kwamba nimestaafu, meseji zenu haziishi. "Shikamoo Dada Mkubwa, nianzie wapi kumtafuta babu wa babu yangu?" "Dada Mkubwa, naweza kuuweka ukoo wetu wote mtandaoni kwa wiki moja?" Marahaba, wanangu. Wiki moja inatosha kabisa kuuweka. Kuuondoa ndiko sijui kama umri wenu utatosha.

Macho yangu yana mtoto wa jicho, siwezi kumjibu kila mmoja. Nitawajibu wote hapa, kwa kuwasimulia kazi yenyewe ilivyokuwa, na hasa siku zile nilizoogopa simu yangu mwenyewe. Majina ya watu nimebadilisha. Aliyeniruhusu kusimulia alinipa masharti mawili: nibadilishe majina, na yeye nimfanye mrembo. Mtamtambua mkifika.

Shule niliiacha darasa la sita, mwaka ambao mama alimfuata baba, na wadogo zangu wakabaki wananitazama mimi. Kazi niliipata Kariakoo, kwa Mzee Saidi, Mwarabu aliyekuwa akiuza karatasi na bahasha, na pembeni ana meza ya taipureta. Watu walikuja kuandikiwa barua za kwao, maombi ya kazi, na mambo ya mirathi. Anayeandikiwa mirathi lazima ataje watu wake wote, walio hai na waliokufa. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Masasi nisiyemjua babu yangu mzaa baba, nilizijua koo za nusu ya Ilala kwa moyo.

Mwanzoni nilikuwa sijui kitu. Siku moja mama mmoja aliniandikisha barua ya kwenda kwao Kilwa. Akasema, "Waambie babu ameanza kutambaa." Nikamwonea huruma sana. Nikafikiri mzee kapooza. Nikaongeza kwa wema wangu, "tunamwombea Mungu amnyanyue." Majuma machache baadaye yakaja majibu kutoka Kilwa, ndugu wamechanganyikiwa, wanauliza mzee aliyezikwa zamani anatambaa vipi. Babu alikuwa mtoto mchanga aliyepewa jina la babu yake, na mama yake mwenyewe alimwita hivyo hivyo, kwa heshima zote. Mzee Saidi alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo nililofanyia kazi maisha yangu yote: "Binti, ukiandika ukoo usiulize baba yako nani. Uliza nani alikulea. Halafu nyamaza, mtu mwenyewe atafika kwa baba yake akitaka."

Nilimwelewa haraka kuliko alivyodhani. Wazazi wetu walipokwisha, siku ya kuanua matanga wakubwa walikaa ukumbini kutugawana. Huyu aende Tanga kwa baba mdogo, huyu Masasi, huyu kwa shangazi akasaidie kazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nikasema wadogo zangu hawaendi popote.

Shangazi akapiga makofi. "Mwoneni! Kifua bado hakijaota, anataka kuwa mama wa watu!"

"Sitaki kuwa mama," nikasema. "Nataka tu wasiende."

Walibaki. Wote isipokuwa Daudi, ambaye baba mdogo alikuwa ameshaondoka naye asubuhi, kabla sijajua kikao kinahusu nini. Aliporudi mikononi mwangu alikuwa tayari ameandikishwa shule kwa jina la yule baba mdogo, na jina hilo ndilo liko kwenye vyeti vyake, na kwa watoto wake mpaka leo. Anayesoma makaratasi peke yake atawaambia Daudi si ndugu yangu. Kwa hiyo mkiona jina la mtu limebadilika ghafla, msikimbilie kufikiri uongo. Ulizeni nani alimshika mkono siku ya kwanza ya shule.

Taipureta ikaondoka, ikaja kompyuta. Mzee Saidi akafariki, wanawe wakaniachia ile pembe ya duka. Nikawa naskani picha za zamani, na watu wakiniletea picha wananiletea na maneno yake. Mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyenifungulia ukurasa. Familia inaniita, naenda na simu, nawarekodi wazee, narudi naandika, naweka picha, naweka na sauti, ndugu walioko mbali wanasikia. Nilipenda kazi hiyo kuliko chakula. Nawaambia hivi ili msidhani nawakataza.

Kidogo kuhusu kwenda kwa wazee. Nendeni na sukari, msiende na maswali yaliyoandikwa. Kaeni mkekani, kiti kinamfanya mzee ajione yuko polisi. Simu iwekeni wazi mbele yake, mwambieni inarekodi, halafu msiiangalie tena. Mwanamke mzee usimwulize jina, mwulize anaitwa mama nani. Kama anaitwa Mama Zaina na hakuna Zaina mle ndani, usiulize Zaina yuko wapi. Kunywa chai yako. Na jambo moja zaidi: mkienda msibani, jueni nani ni mtani.

Najua wengine mmekulia maghorofani, utani mmeusikia tu. Mtani ni mtu wa kabila jingine lenye haki ya kutaniana na lenu, kama Wazaramo na Wanyamwezi. Kwenye msiba mtani haombolezi kama nyinyi. Anakuja kuwachekesha na kuwatoza. Atajilaza mlangoni maiti isitoke mpaka alipwe. Atavaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake. Atasema marehemu alikuwa mwizi wa kuku. Na hakuna anayekasirika, kwa sababu wote wanajua.

Wote waliopo, yaani. Mtandaoni hayupo mtu.

Alifariki mzee mmoja wa Ilala, nimwite Mzee Athumani. Mzaramo, mtu wa msikitini, umri mkubwa, nilikuwa nimemrekodi mara nyingi. Mwanawe Omari, mtu wa rika langu, aliniita nirekodi, niandike historia ya ukoo, niiweke kwenye ukurasa baada ya arobaini. Nilikuwepo jeneza lilipotaka kutoka. Wanaume wameshalibeba begani, mara akatokea mtani wao, Bibi Kalunde wa Magomeni, Mnyamwezi, umri wa miaka sabini na ushei, mrefu, shingo imesimama, uso ambao nadhani ulivunja shughuli nyingi za watu enzi zake. Akajipanga mlangoni, kikapu mkononi.

"Mnampeleka wapi mtu wetu?" akauliza.

Watu wakaanza kutabasamu. Omari akaingiza mkono mfukoni, anajua kazi. "Sema unataka ngapi, mtani, jua linatuwakia."

"Weka hela zako. Huyu si wenu! Huyu tulimwacha kwenu rehani, mtoto hajabadilisha hata meno, kwa pishi mbili za mtama. Mkamfanya Mzaramo, mkamfundisha kula nazi mpaka akanenepa. Leo tumekuja kumkomboa. Haya, mtama wenu huu!"

Akaumwaga. Mwingine kizingitini, mwingine juu ya shuka lililofunika jeneza. Watu walicheka kwa machozi, wafiwa wenyewe wakacheka. Kuku wa jirani hawakuamini bahati yao. Jeneza likapita.

Niliandika yote, na juu yake nikaweka wazi kwamba ni maneno ya mtani. Nikaweka sauti nzima, na vicheko vyake. Kwa muda mambo yakawa shwari.

Halafu kuna mtu, mpaka leo sijui nani na sitafuti, alikata kipande. Akaacha vicheko, akaacha swali la Omari, akabakisha sauti ya Bibi Kalunde tu: huyu si wenu, tulimwacha rehani kwa pishi mbili za mtama. Akakipa kichwa, "Siri ya ukoo yafichuka," akakirusha kwenye magrupu. Nilikipata kutoka kwa watu ambao hata hawajui kwamba ukurasa ni wangu. Simu nilikuwa naiweka chini ya mto, halafu naiamsha mwenyewe nione kipande kimefika wapi.

Kilifika pabaya. Mjukuu wa Mzee Athumani, binti wa Omari, Mwanaidi, alikuwa ameposwa na kijana wa familia moja ya Kariakoo, Waarabu wenye duka la vitambaa. Shangazi wa kijana, Bi Shamsa, ndiye mwenye sauti kwao. Kile kipande kilimfikia akiwa dukani, mbele ya wateja. Mshenga akatumwa Ilala: siku ya kuleta mahari isogezwe kwanza, wao watakuja Ijumaa baada ya swala kuzungumza. Hawakutaja neno lenyewe. Halikuwa na haja ya kutajwa. Mtoto wa rehani, kwa watu wazima wa pwani, maana yake wanaijua: mtumwa.

Omari alikuja dukani kwangu, hakukaa.

"Dada Mkubwa, andika neno moja tu kwenye ukurasa wako. Uongo. Andika maneno yale ni uongo, tumalizane."

"Kaka Omari, mimi naandika ninachoambiwa na mwenye maneno. Ngoja nimwone Bibi Kalunde, aseme kwa sauti yake kwamba alikuwa anatania. Hiyo itawatosha zaidi kuliko mimi."

"Atasema. Kwani si mtani? Nenda leo hii. Mwanangu hali wala hanywi." Alipofika mlangoni akageuka. "Unajua ananiuliza nini? Ananiuliza, baba, babu alikuwa mtu wa nani. Mimi nimjibu nini, mtu mzima?"

Nikaenda Magomeni. Nilijua nitapata nilichofuata kwa dakika chache, kisha nirudi nikalale. Lakini njiani kitu kilianza kunikereketa, kama mfupa wa dagaa kooni. Nimehudhuria misiba mingi kwa kazi hii. Mtani huja kuchukua. Anachukua hela, anachukua kuku, anachukua hata viatu vya marehemu. Bibi Kalunde alitolewa hela na akakataa. Alikuja kulipa. Na alikuja na mtama. Mtu anayetania angebeba hata mchanga, watu wangecheka vilevile. Nani mjini hapa ana mtama wa punje nyumbani?

Nilimkuta uani, anachambua mchicha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifungulia kesi?" Akasogeza kigoda. "Nimeusikia huo upuuzi. Mjukuu wangu kanionyesha. Sauti yangu mbaya hivyo kweli?"

Nikamweleza yote, posa, Bi Shamsa, Ijumaa. Nikaweka simu wazi mbele yake, nikamwambia itarekodi. "Sema tu, Bibi, kwamba ulikuwa unatania."

Akaendelea kuchambua. Fungu likaisha, akavuta jingine.

"Zima hiyo."

Nikazima.

"Mtama niliutoa kwetu," akasema. "Nilimwagiza mtu anayesafiri, tangu mzee alipoanza kuumwa. Nikauweka uvunguni."

Mzee Saidi alinifundisha kunyamaza, lakini siku ile sikuwa nanyamaza kwa ufundi.

Akanieleza. Babu yake alikuwa akitoka bara kuja mashamba ya mkonge kutafuta kazi, mke amemfia njiani, ana watoto wawili wa kiume. Mwaka wa njaa. Walipofika Uzaramo, hawana nguvu ya kwenda mbele wala nyuma. Wenyeji waliwapa pishi mbili za mtama, babu akawaachia yule mdogo, akasema atarudi kumkomboa akipata mshahara. Hakurudi, mkonge ulimmaliza. Yule mkubwa ndiye baba yake Bibi Kalunde. Alikua akiwa na kazi hiyo moja kichwani. Alipokuja kumpata mdogo wake, alimkuta Ilala, mtu mzima, anaitwa Athumani, ana mke, ana wazee waliomlea kama mtoto wao, hawajawahi kumwonyesha kwamba ni wa kununuliwa.

"Baba alilia," akasema Bibi. "Akamwambia, twende nyumbani. Athumani akamwambia, kaka, nyumbani ni hapa, wazee hawa nikiwaambia nimepata ndugu watadhani nawahesabia deni. Lakini usiondoke. Wewe Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Tuwe watani."

Wakawa watani. Miaka yote hiyo, kila harusi, kila ngoma, kila msiba, walitukanana mbele za watu mpaka watu wakaleta viti wakae kusikiliza. Hakuna aliyejua kwamba wale ni ndugu tumbo moja. Baba yake alipokuwa anakufa alimwita Kalunde, akamwambia: siku Athumani akinifuata, peleka mtama. Usimwache kwenye ukoo wa watu akiwa rehani.

"Sasa wewe unataka niseme nilikuwa natania," akasema.

Nilikaa pale mpaka mchicha ukaisha. Niliwaza yule mtoto mkubwa, barabarani, amemshika mkono mdogo wake, halafu mkono ukaachiwa. Niliwaza Daudi, na asubuhi ile niliyokuwa natafuta sinia jikoni wakati mwenzangu anapandishwa gari. Nilikuja kuondoa tatizo moja kwenye simu, sasa nina ukweli wa watu ambao aliyekufa aliufunga kwa hiari yake, na mtoto wake ananisubiri niandike neno uongo.

"Nisikuombe useme kitu, Bibi," nikasema mwisho. "Ila Ijumaa njoo mwenyewe."

"Nije niseme nini?"

"Sijui."

"Dada Mkubwa mzima hajui?"

"Sijui, Bibi. Kweli."

Akacheka kidogo. "Basi tutakuwa wawili."

Kati ya siku hiyo na Ijumaa, Omari alipiga simu kila alipokumbuka. "Umeandika?" Namjibu, "Bibi anakuja mwenyewe." "Lakini amekubali kwamba ni utani?" "Anakuja mwenyewe, kaka." Nilikuwa nikikata simu, jasho linanitoka kwapani kama nimebeba magunia. Hapo ndipo nilipojua ugumu wa kazi yenu hii mnayoiona ya kubonyeza. Kumtafuta babu ni rahisi. Kukaa naye mdomoni huku mwanawe anakupigia simu, hilo ni jambo jingine. Mara kadhaa nilifungua ukurasa nifute yote. Nisingefuta chochote, kipande kile kilikuwa kwenye simu za watu nisiowajua. Mara moja nilianza hata kuandika ule uongo. Niliandika, nikausoma, nikaona nimemrudisha yule mtoto barabarani na kumwambia hana aliyemfuata. Nikaufuta.

Ijumaa wakaja. Bi Shamsa mbele, buibui la heshima, marashi yamemtangulia, na wanaume wawili wa kwao. Mwanaidi alikuwa chumbani, lakini pazia la mlango lilikuwa linapumua, nikajua amesimama nyuma yake. Omari alikuwa anazungusha pete kidoleni. Salamu zikawa ndefu kuliko kawaida, kama watu wanaoogopa zikiisha.

Bi Shamsa akasema, "Sisi hatukuja kugombana. Tunawapenda. Lakini maneno yametembea, na mtoto wetu ni mmoja. Tunataka kusikia kwa aliyesema." Akamgeukia Bibi Kalunde, aliyekuwa mkekani, miguu ameinyoosha, amejifunga kanga mpya kama yeye ndiye anayeolewa. "Bibi, ni kweli mlimwacha yule mzee rehani kwa watu hawa?"

Omari alikuwa ananiangalia mimi.

"Kweli kabisa," akasema Bibi Kalunde.

Pazia likaacha kupumua.

"Tulimwacha kwa pishi mbili za mtama, na mtama wa mwaka ule ulikuwa na wadudu. Watu hawa wakamchukua, wakamwosha, wakampa jina, wakampa mke. Wanafiki wakubwa! Wangempiga hata kidogo tungepata sababu ya kumdai mapema. Hawakumpiga. Ikabidi nisubiri mpaka afe, nimlipie mlangoni mbele ya kuku. Sasa nimemkomboa, ni wetu, na wajukuu zake ni wetu. Nyie mmekuja kumposa mjukuu wangu mmepita kwa nani? Mahari mnamletea huyu Mzaramo mla nazi, mimi niliyetoa mtama nipewe nini? Tena wewe mama, na marashi yako hayo, nikitazama pua hiyo nasema bibi yako naye kuna mahali aliachwa, mkasahau kwenda kumchukua!"

Mmoja wa wale wanaume ndiye aliyeanza. Alijizuia, akashindwa, soda ikamtoka puani. Kisha chumba kizima kikaangua. Nyuma ya pazia nilisikia Mwanaidi anacheka na kulia kwa pamoja. Bi Shamsa alikuwa wa mwisho. Hakucheka kama wengine. Alimtazama Bibi Kalunde kwa muda, uso kwa uso, wanawake wazima wawili, na sijui aliona nini. Halafu midomo ikamcheza. "Bibi yangu hatukumsahau," akasema, polepole. "Hatukuwa na mtani wa kumfuata." Akasogea kwenye mkeka, akapigapiga nafasi pembeni yake. "Njoo ukae huku, mkombozi. Mahari yako tutaizungumza."

Watu wakarudi kucheka. Mazungumzo ya posa yakashika njia yake, vikombe vikazunguka.

Mimi nilikuwa namwangalia Omari. Alicheka na wenzake mwanzo, kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Halafu kikapungua. Akawa anamtazama Bibi Kalunde mikono, jinsi anavyoshika kikombe kwa vidole vitatu, kidole cha shahada kimekunjwa. Nimemrekodi Mzee Athumani mara nyingi kabla hajafa. Alishika kikombe hivyo hivyo.

Omari akainuka, akachukua birika kwa mikono miwili. Maisha yake yote alimwita mtani. Akainama mbele yake.

"Nikuongeze chai, dada?"

Bibi Kalunde akasogeza kikombe.

Walipokwisha kutawanyika, Omari alinisindikiza kwa miguu kuelekea Kariakoo. Tulipita kwenye mafundi wa baiskeli, wanagonga vyuma. Mwishoni akauliza, "Ulijua?"

"Niliyosikia ukumbini ndiyo uliyosikia wewe, kaka."

"Sawa." Tukatembea. "Kwenye ukurasa utaandika nini?"

"Yale yale. Kwamba mtani alisema. Na wewe siku ukitaka niongeze, utaniambia wewe."

Akaitikia kwa kichwa, na hata kusimulia hapa kwa majina mengine hakunikatalia baadaye. Ndiyo maana, wanangu, mkiifungua historia ya ukoo ule mtaona juu ya jina la huyu ninayemwita Mzee Athumani pako wazi. Kuna mlioniandikia kwa wema kwamba nimesahau, mkanitumia na majina ya Kizaramo ya kujazia. Msijaze. Nafasi nyingine haiko wazi kwa kukosa mtu.

Tulipokaribia sokoni, Omari akasimama. Akaniambia kwamba siku ya mazishi, baada ya kufukia, walilikung'uta lile shuka la jeneza palepale kaburini kabla ya kulikunja. Hakuna aliyefikiri kitu. Halafu mvua zikaja, na Ijumaa iliyopita alikwenda kusoma dua, akakuta kaburi la baba yake limeota.

"Majani?" nikauliza.

"Mtama, Dada Mkubwa. Umefika magotini. Niliona aibu, makaburi ya jirani yalivyo safi, nikainama niung'oe."

"Ukaung'oa?"

Alikuwa ameshika mkono wangu kunivusha barabara, na hakuniachia hata tulipokuwa upande wa pili.

"Sijaugusa," akasema. "Nilimngojea mwenye mtama."